Kununua Kompyuta kwa Fedha ya Amana



Wasomaji wetu watukufu, lipo swali ambalo wazee wa watoto wanatuletea mara kwa mara, tukitoka msikitini au tukikutana njiani Darajani. Huuliza: "Maalim, madukani ipo kompyuta ya mezani iliyokwisha kuundwa, nayo ni rahisi. Je, inafaa kununuliwa, au ni kuitupa fedha?" Sisi si mafundi wa umeme. Kazi yetu ni kusomesha watoto Qur'ani, na elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi. Lakini mwenye kuwekewa amana hana budi aulize na achungue mpaka afahamu, na jambo hili tulilichungua kwa sababu fedha haikuwa yetu.

Fedha yenyewe ilikuwa shilingi 700,000. Zilichangwa na wazee wa wanafunzi wetu kwa muda wa miezi mingi. Miongoni mwao wamo wavuvi, wamo wachukuzi wa bandarini Malindi, na wamo kina mama wanaouza maandazi alfajiri kabla watoto hawajaamka. Niya ya mchango ilikuwa ni kompyuta ya chuo: kuandikia daftari za wanafunzi na mitihani ya Kiswahili na ya Kiarabu, na kuwafundisha wakubwa wao kuandika barua za kuombea kazi na masomo. Kijana anayetafuta kazi sasa hutakiwa apeleke maombi yake kwa intaneti, na asiyekuwa na pa kuandikia hulipa kila karatasi kwenye duka la kuchapia, mpaka barua 10 zikawa ni mzigo kwa nyumba yake.

Lakini nyumba ya chuo chetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa, na mapaa yake yanavuja. Mzee mmoja katika kamati yetu, mtu mwenye busara, akasema: "Tununue kompyuta ya rahisi kabisa, na itakayobaki tutie bati kabla ya masika." Rai hii ilikuwa na nguvu, kwani mtoto anayesoma juzuu yake chini ya tone la maji hana raha. Kwa hivyo tulitakiwa tupime mambo mawili pamoja: kipi kinachofaa, na je, kilicho rahisi kabisa kitatutosheleza?

Pana jambo katika historia ya nchi yetu linalofaa kutajwa hapa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na kompyuta iliyotiwa katika kazi ya hesabu za serikali haikuleta faida iliyotarajiwa. Marufuku hayo yamekwisha kuondoka zamani, lakini funzo lake limebaki: chombo hununuliwa kwa kazi yake na kwa gharama zake zote, hakinunuliwi kwa sifa yake.

Tulizunguka madukani, Darajani, Mlandege na Mchangani, tukifuatana na kijana mmoja aliyesoma kwetu tangu alifu, na leo ni fundi wa kompyuta. Tuliyoyaona tunaweza kuyagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mashine kuukuu sana. Tulionyeshwa moja kwa shilingi 350,000 pamoja na skrini, kibodi na kipanya. Mwenye duka akaisifu mno kwa kuwa prosesa yake ni i7, akasema hapana kubwa kuliko hiyo. Fungu la pili ni mashine zilizotumika maofisini Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Maofisi makubwa hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zile wanazoziacha hukusanywa, husafishwa, na nyingi hupitia Dubai mpaka zikafika kwetu. Hizi ndizo zile za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ambazo msomaji ameziona madukani, zimepangwa kama matofali. Tulipata moja ya prosesa i5 kwa shilingi 480,000 pamoja na skrini. Fungu la tatu ni mashine mpya, haijatolewa katika boksi lake, kwa shilingi 680,000.

Mtu asiyejua angesema mpya ndiyo bora kwa kuwa ni mpya, na i7 ni bora kuliko i5 kwa kuwa 7 ni zaidi ya 5. Rai zote mbili si sahihi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopata khasara.

Nambari ile ya 3, 5 au 7 ni daraja tu, haisemi mashine ni ya lini. Inayosema ni nambari inayofuata kistari. Ikiandikwa i5-8500, ile 8 ndiyo kizazi chake; ikiandikwa i3-10100, ni kizazi cha 10, kwani zikiwa tarakimu tano husomwa mbili za mwanzo. Ile i7 tuliyosifiwa ilikuwa ni ya kizazi cha 2, iliyotoka mwaka 2011, na i3 ya kizazi cha 10 huishinda katika kazi nyingi. Ni kama nahodha wa zamani aliyekwisha kuzeeka: cheo angali nacho, lakini kijana mwenye cheo kidogo humpita kwa kuvuta kamba. Ama ile mpya ya boksini, ndani yake ilikuwa na prosesa ya Celeron yenye viini viwili tu na kumbukumbu ya gigabaiti 4, iliyogandishwa katika ubao wake hata isiweze kuongezwa. Upya wake ulikuwa wa nje.

Kizazi kina maana nyengine pia. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia programu ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa nyongeza ya muda mfupi kwa wenye kujiandikisha. Programu iliyoifuata, Windows 11, haikubali rasmi mashine za Intel zilizo kabla ya kizazi cha 8, na hutaka pia chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Basi mashine ya kizazi cha 2, cha 4 au cha 6 ikiuzwa na Windows, ima ina programu ya zamani isiyozibwa tena matundu yake, au imetiwa mpya kwa hila. Mwenye duka mkweli atakwambia. Asiyekwambia, muulize.

Tunaongeza hapa neno juu ya programu zenyewe, kwani watu wengi hulipita. Mashine rahisi mara nyingi huuzwa zikiwa na programu zilizonakiliwa bila ya idhini ya wenyewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa Kuwait mwaka 1988, lilikata kuwa haki za watungaji na wavumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, haifai kuzivamia. Haielekei, basi, chuo kinachomfundisha mtoto asichukue embe la jirani kiandike mitihani yake kwa programu ya wizi. Wala hapana dharura, kwani ziko programu za bure zenye idhini ya wenyewe: Linux kwa kuendeshea mashine, na LibreOffice kwa kuandikia na kufanyia hesabu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa hata programu ya ofisi ya namna hiyo kwa lugha yetu, wakaiita Jambo OpenOffice. Na mashine kuukuu iliyotiwa Linux huweza kufanya kazi ya kuandika kwa miaka mengine bila ya taabu kubwa.

Hayo ndiyo yaliyotufanya tusiikatae mara moja ile ya shilingi 350,000. Kwa nyumba inayotaka kuandika na kusoma tu, mashine ya zamani yenye Linux inaweza kufaa, ikiwa bei yake ni ya uzee wake. Lakini mwenye duka alitaka bei ya i7 kwa kitu cha 2011, na kumbukumbu yake ilikuwa ni gigabaiti 4, nazo leo ni chache. 8 ndicho kiasi cha kuridhisha. Kijana wetu akaipima diski kwa programu ndogo aliyoichukua mfukoni, ikaonekana imekwisha kuzunguka saa 27,000 na zaidi, nazo ni zaidi ya miaka 3, usiku na mchana. Diski ya kuzunguka iliyochoka hufa ghafla na yaliyomo ndani yake. Tukamwambia mwenye duka kuwa tunaichukua tukiijaribu siku tatu. Akatuonyesha risiti yake, imepigwa chapa: mali ikiuzwa hairudishwi.

Hapa inatupasa tuseme kidogo juu ya sharia, maana maneno hayo yamejaa katika risiti za mji wetu, na watu huyachukua kama aya. Katika madhhabu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Unguja, mnunuzi ana khiyari za namna tatu. Ya kwanza ni khiyari ya kikao: maadamu nyinyi wawili hamjaachana, kila mmoja wenu aweza kurudi nyuma. Ya pili ni khiyari ya sharti: mkishartiana kujaribu, muda wake hauzidi siku tatu. Ya tatu ni khiyari ya kasoro: ukikuta aibu iliyokuwamo tangu kwa muuzaji, yenye kupunguza thamani, nawe hukuijua, unayo haki ya kurudisha. Wala maneno ya kuwa mali hairudishwi hayaiondoi haki hii katika kitu kama mashine, kwani kauli yenye nguvu katika madhhabu ni kuwa sharti la kujitoa katika kasoro humfaa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, haimfai katika mengineyo. Lakini mnunuzi naye ana wajibu wake. Akishaijua kasoro aache kukitumia kitu, na akirudishe upesi; akiendelea kukitumia wiki nzima kisha akalalamika, haki yake imekwenda.

Na msingi wa yote haya unajulikana na kila mtoto wa chuoni: khabari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta umaji, naye akamlaumu mwenye kuuza kwa kuificha chini ile iliyorowa badala ya kuiweka juu watu waione. Ile diski ya saa 27,000 ni nafaka iliyorowa. Kuiuza si haramu; kuificha ndiyo haramu.

Basi tukaiacha ile, tukaenda kwa yule wa shilingi 480,000. Mashine yake ilikuwa ya kizazi cha 8, kumbukumbu gigabaiti 8, diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Mwenye duka, kijana wa makamo, akatwambia mwenyewe kabla hatujauliza: "Maalim, diski hii ni ya zamani, na skrini ina alama hapa pembeni. Mengine nimeyapima." Tukamtajia siku tatu, akasema: "Hapana taabu, nitaandika katika risiti." Na kweli akaandika.

Mashine tuliipima hapo hapo dukani kwa muda wa saa moja, nasi twaona kila mnunuzi afanye hivyo bila ya haya. Kwanza, ifunguliwe ubavu, mtazame vumbi, kutu, na vile vikopo vidogo vya ubaoni kama havikufura. Pili, izimwe na ichomolewe umeme, kisha iwashwe na itazamwe saa yake. Ikirudi miaka ya nyuma, kibetri chake kidogo kimekufa, na ingawa ni rahisi kubadilishwa, mpaka kibadilishwe kurasa nyingi za intaneti zitakataa kufunguka kwa tarehe kutokuwa sawa. Tatu, kila tundu lijaribiwe kwa kitu cha kuchomeka. Nne, isikilizwe feni yake ikiwa kazini. Tano, na hili ni la sisi watu wa vyuoni, iandikwe sentensi ya Kiarabu yenye irabu zake, ionekane kama herufi zinashikana na mstari unatoka kulia kwenda kushoto.

Sita ni umeme. Mashine nyengine za zamani zilizotoka Marekani zina kiwashio kidogo chekundu nyuma, cha kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni wa 230. Mwenye kuichomeka ikiwa katika 115 atasikia mlio na kunusa moshi, na hapo khiyari haimfai kitu, maana kasoro ameifanya mwenyewe. Na ajue pia kuwa mashine nyingi za maofisini, khasa za Dell na HP, zina kisanduku cha umeme cha umbo lao wenyewe na plagi zao wenyewe. Kikiungua, kile cha kawaida cha dukani hakiingii, na huenda mtu akangoja kiletwe kutoka Dar es Salaam. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kompyuta iliyoundwa tayari, nasi hatuifichi. Wapo vijana wanaopenda kununua kipande kimoja kimoja wakaunda wenyewe. Kazi hiyo ina elimu nyingi ndani yake, lakini kwa kisiwani petu vipande vingi lazima viagizwe, na jumla yake hupita bei ya mashine ya ofisi iliyotumika.

Katika gharama, msomaji asisahau kuwa bei ya duka ni nusu ya khabari. Unguja hupata umeme wake kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wakubwa wanakumbuka mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulitiwa mwaka 2013, na hali ikatengenea. Lakini katika mtaa wetu umeme bado hukatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua mashine. Kwa hivyo tulihesabu hivi: mashine 480,000, betri ya akiba, ile inayoitwa UPS, 130,000, diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka, ile ya SSD ya gigabaiti 256, 65,000. Jumla 675,000. Zikabaki 25,000, tukanunua kitambaa cha kufunikia na brashi ya kusafishia, kwani kuta za chokaa za Mji Mkongwe hunyunyiza unga usiokoma, na feni huuvuta ndani pamoja na chumvi ya bahari. Ama matumizi ya umeme, mashine na skrini yake hula kama wati 80. Kwa saa 4 kila siku, siku 26, ni uniti 8 na kidogo kwa mwezi.

Ile SSD ndiyo fedha iliyozaa zaidi. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika nyingi kuamka sasa huwa tayari kabla mwanafunzi hajafungua daftari lake. Kama msomaji ana mashine nzito nyumbani, na ajaribu hili kabla ya kwenda kununua nyengine.

Siku ya pili mashine ilizimika mara mbili yenyewe. Kijana wetu akaijaribu kumbukumbu yake, akaona kipande kimoja kibovu. Hatukuiwasha tena. Tukairudisha asubuhi yake, mwenye duka akasoma risiti yake mwenyewe, akabadilisha kipande bila ya neno, na tangu siku hiyo haikuzimika. Lau tungelinunua ile ya kwanza, tungelikuwa na khasara na ugomvi pamoja. Ndiyo maana tunasema kuwa unapopima kompyuta, mpime na muuzaji. Ahadi ya siku tatu iliyoandikwa ina thamani kuliko gigabaiti 4.

Wako wanaouliza: kwa nini isiwe laptopu, maana ina betri yake? Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayehama huku na huku, laptopu ni bora, na umeme inakula kidogo. Lakini kwa chuo na kwa nyumba yenye watoto, ile ya mezani ina sifa moja tunayoithamini: haiondoki pahala pake. Huwekwa ukumbini, watu wote wakaiona, na mtoto anayeitumia hutumia mbele ya wazee wake. Na ikiharibika hufunguliwa kwa bisibisi, kijana akajifunza ndani yake.

Mapaa yetu bado yanavuja. Masika yakinyesha, tunaweka ndoo mbili na kuhamishia mikeka upande wa mlango, na yule mzee wa kamati hutuangalia tu asiseme. Haki yake tunaijua, na mchango wa bati umekwisha kuanzwa. Lakini fedha ilichangwa kwa kompyuta, na amana hutumiwa kwa niya ya waliotoa. Tungeliikata nusu tukanunua kitu kibovu, tusingelikuwa na kompyuta, na bati lenyewe tungelilipata kwa fedha ya watu walioahidiwa kitu chengine. Kina mama wale wauza maandazi walikuja kuitazama siku ya kwanza. Mmoja wao akamwambia bintiye aandike jina la bibi yake, akalisoma juu ya kioo, kisha akauliza: "Na hii risiti mmeiweka wapi?" Tukamwonyesha. Imo katika sanduku la chuo, pamoja na hesabu yote.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona kasoro kabla ya kulipa, na ndimi za kuzisema tunapouza. Wabillahi tawfiq.